Mkono wa Mwalimu Verediana

Baba Paroko, ndugu na majirani, mimi ni Eustaki, kaka mkubwa wa mume wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kumwelezea shemeji yangu mbele yenu, na mtanivumilia, maana nina hasira na sijui kuificha.

Verediana alizaliwa Masagati tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa pili wa mzee Kelestini na mama Apolonia, akaanza shule ya misheni mwaka 1940, akasomea ualimu, na Januari 1951 akaja kufundisha hapa Ifakara, ambako wengi mnaojua kuandika majina yenu mlishikwa mkono naye.

Oktoba 1953 alifunga ndoa na mdogo wangu Valeriani, mvuvi, wakajaliwa mtoto mmoja, Scolastica, na maneno yalianza kabla mtoto huyo hajazaliwa. Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1956, yaliletwa uwanjani maonyesho ya nyoka na wanyama watambaao, marehemu, akiwa na mimba ya miezi sita, akaombwa aeleze kwa Kiswahili, watu wakasongamana kumtazama kifutu na swila bila wasiwasi, lakini alipotolewa kinyonga uwanja mzima ukatawanyika, maana tuliamini anayemgusa huoza mkono. Wazee tukafungua vikopo vya ugoro tumtie mdomoni afe, mama yetu Klementina akamsihi mkwewe asimtazame kwa ajili ya mimba, lakini Verediana akampandisha kinyonga kwenye mkono wake wa kushoto, akaeleza kwamba hana sumu wala kisirani, chakula chake ni nzi na panzi, kisha akasema, "Jamani, njooni muone, mkono wangu huu hapa, haujaoza."

Scolastica alizaliwa tarehe 20 Novemba mwaka ule, mzima kabisa, ila alichelewa kutembea, mkasema ana mwendo wa kinyonga, na wengine mkaacha kupokea hata maji mkononi mwa mama yake.

Mwaka jana alihamishiwa Mchombe, na maneno yakamfuata huko. Tarehe 5 mwezi huu wa Juni 1959, akivuna mpunga, alijikata kwa mundu mkono ule ule wa kushoto, sitawaficha, mumewe alikuwa kambini mtoni, majirani wakaona ni kinyonga anadai chake, hakuna aliyethubutu kumwosha kidonda, akajifunga kitambaa mwenyewe kwa meno. Tarehe 13 taya zilikaza, akaletwa hospitali kwa lori la mpunga, madaktari wakasema ni pepopunda na kwamba amecheleweshwa, akafariki Jumatano asubuhi, tarehe 17. Kinyonga hakuhusika, tulihusika sisi wenye mikono mizima.

Jana akina mama walimwosha mwili wote wakauruka mkono ule, mpaka mama Klementina, aliyekuwa wa kwanza kumkataza, akaushika peke yake akauosha kuanzia begani hadi kwenye kucha, na mkono wa mama yangu ndio huo mnaouona umembeba Scolastica, haujaoza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, dereva wa lori, walimu wenzake waliochimba kaburi, na majirani, pamoja na mliochelewa.

Familia ina ombi moja. Atakayekuja kutupa mkono wa pole pale kaburini, aanze na mtoto huyu, amshike kiganja kweli kweli, la sivyo mimi asinipe mkono.

Shemeji, umefundisha mpaka mwisho na sisi ni wazito wa kuelewa. Pumzika kwa amani, mtoto tunaye.