Barua Isiyokuwa na Mvua

Mheshimiwa Mkurugenzi, Papa Kasereka; Mama Constance nanyi mlioketi mezani kwake; wageni waalikwa; madereva na makarani wenzangu:

Nimeandika maneno haya mara nne, kwa sababu siwezi kumuaga Maman Adolphine, anayestaafu leo, bila kukiri kosa ambalo Mkurugenzi analisikia sasa kwa mara ya kwanza.

Mnakumbuka juma lile vita ilipoingia Goma na simu zikanyamaza. Papa Édouard, wakala wetu wa kule, mume wa Mama Constance, hakusikika tena. Juma hilohilo nilikuwa nahamisha barua pepe za ofisi, za miaka kumi na minane, kutoka programu ya zamani kwenda mpya, kwa kuwa kompyuta ile kuukuu ilikuwa inakata roho. Niliona barua ya Goma ikiingia. Nikasema, nitaisoma nikimaliza.

Nikakosea hatua moja. Barua elfu thelathini zilivuka, lakini kila moja ilivaa tarehe ya Jumanne ile, na zote zikaonekana hazijasomwa. Kompyuta ya zamani ikazimika moja kwa moja. Je, mmewahi kuona miaka kumi na minane ikifika asubuhi moja? Marehemu waliuliza habari za saruji. Malori yaliyokwisha kuoza yaliomba mafuta. Nilielea humo kama mtu anayeota, nikijua kwamba Papa Édouard yumo, na kwamba nimemzamisha mimi.

Maman Adolphine alinikuta.

“Unalia nini, mutoto? Nani amekufa?”

“Bado sijui, Maman.”

Nilipomweleza, alivuta kiti. “Édouard anaanza kila barua na mvua, juu ya barabara, malori yasikwame. Mvua ya Rutshuru, mvua ya Butembo, inatuchokesha! Sasa siku ya hatari atafikiria mvua? Tafuta ile haina mvua.”

Siku tatu tulisoma mvua katika barua zake tu, maelfu. Nje ilinyesha, ndani ilinyesha. Siku ya tatu, pakakauka ghafla: “Natoka leo. Nitazungukia Zambia. Munitafute Kasenga, kwa wauza samaki.”

Lori letu lilimkuta huko, mpakani mwa Zambia, ameketi juu ya kreti tupu.

Papa Kasereka, sasa unajua. Adhabu yangu na isubiri kesho. Maman Adolphine, hukumwambia mtu, wala hukunicheka. Nitaishi nikijaribu kufanana nawe.

Asanteni nyote kwa kunitegea masikio. Nawe, Papa Édouard, uliyekonda hivyo kando ya mkeo, tafadhali simama, umwambie Maman Adolphine leo mvua ikoje.