Absalom Hakutoroka: Risala ya Wafanyakazi wa Klabu ya Makasia

KARIBU

Mgeni rasmi, Daktari Celestine Nabwire, Naibu Mkuu wa Chuo, Mkenya mwenzetu: karibu kwenye banda la mashua hapa Jeddah. Sisi ni walinzi, wafagizi, madereva na wabeba mashua wa klabu ya makasia ya chuo chako. Umekuja kutugawia fulana za miaka kumi ya klabu. Ahsante. Ungekuja mwezi uliopita tungekupigia vigelegele. Leo tuna hasira, na hatutaificha.

HISTORIA TUNAYOIJUA SISI

Kitabu chako cha historia ya klabu tumekisoma. Beverly wa jikoni alitusomea kwa sauti, kurasa zote, na Absalom hayumo. Haki kweli? Mlinzi wa geti hili, mtu wa Bunyala aliyekulia kwenye makasia, ndiye aliyewakuta wanafunzi wako wakizunguka mahali pamoja kwenye hori hili la bahari, kila mmoja akivuta lake. Akawapa mdundo kutoka ukingoni: "Vuta! Pumua!" Herufi V, ambayo Kiarabu hakina, ikawashinda, wakasema "Futa!" Miaka tisa sasa kila kikosi kinaitikia hivyo, na mwanafunzi mpya hagusi kasia kabla hajaenda getini kumsalimu Absalom. Hiyo ndiyo mila ya klabu.

Kitabu chako kinasema "futa" ni neno la kale la mabaharia wa Hijazi. Ala! Daktari, wewe umesoma Kakamega, unajua kufuta ni nini. Mabaharia gani hao? Ni Absalom, na umemfuta.

MAFANIKIO

Vikombe vitano. Cha mwisho ni cha Riyadh, yale mashindano ya mashine za kupigia makasia ukumbini, maana Riyadh maji mafi, hakuna hata tone. Tuishie hapo, kwa sababu kikombe hicho ndicho kilicholeta balaa.

TATIZO NI MOJA

Wanafunzi walikataa kwenda Riyadh bila Absalom. Ukampigia simu. Josphat, dereva wa basi, anayekusomea risala hii, alikuwa amesimama kando yake, na simu ilikuwa kwenye spika. Ulisema, "Wewe nenda tu, Absalom. Kampuni ya walinzi nitaongea nayo mimi."

Hukuongea nayo. Ulisahau. Aliporudi siku ya tatu, kafili, mwenye kampuni aliyemdhamini, alikuwa ameshamripoti kuwa ametoroka kazini. Ikama halas, kibali cha kukaa kimefutwa. Walimkamata hapa getini, begi la safari bado liko begani. Sasa yuko tarhil, kizuizi cha wanaofukuzwa nchini, na Alhamisi anarudishwa Kenya, asiruhusiwe kuja tena. Leo ni Jumanne.

Serah, mkewe, anafanya kazi ya nyumbani kule Al-Rawdah. Madam wake amemkatalia kwenda kumwona. Anatupigia simu kila akienda kumwaga takataka, analia.

Fridah, mfagizi wetu, alikuja ofisini kwako mara mbili. Karani wako akafungua kile kitabu, akapitisha kidole, akasema klabu haimtambui mtu huyo. Mtu kushinda wiki tatu ndani kwa sababu ya kitabu chenye picha za rangi!

OMBI

Hatuombi friji, ingawa yetu imekufa. Tunaomba barua moja ya mistari minne, iseme kwamba Absalom alikwenda Riyadh kwa amri yako. Nahodha wa wanafunzi ameshaiandika kwa Kiarabu, iko mezani mbele yako. Usituambie utaipitia ofisini. Wala usituambie inshallah, hiyo tumeshaisikia ya kutosha. Basi liko nje, limewashwa, na tarhil wanafunga dirisha saa nane.

Mungu akupe afya, akulindie wanao, na leo hii akupe ujasiri wa kusimama mbele ya yule afisa wa tarhil na kusema: nilisahau mimi.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Klabu ya Makasia, Jeddah.
Tuko ishirini na wawili. Hapa tumesimama ishirini na mmoja.