Baiskeli Haigawanywi

Isogezeni hapa kwanza, karibu na kitanda, niione. Ipindueni, isimame kwa kiti na usukani, magurudumu yawe juu. Hivyo. Mama Veridiana, niinulie mto kidogo, mgongo umemaliza kazi yake lakini macho bado yana hamu. Mzee Mahmudu, jirani yangu, wewe kaa hapo mlangoni, maana wewe si wa ukoo wangu wala wa ukoo wa mke wangu, na unaposali sipo ninaposali, kwa hiyo hutampendelea mtu. Na ukitaka kucheka, cheka taratibu, nina jambo la kusema na pumzi yangu ni ya kupimia.

Nisikilizeni, watoto wangu. Nawaita hivyo wote wawili, wewe Veridiana niliyekuzaa, na wewe Vitalis uliyezaliwa na dada yangu, maana huku kwetu mtoto wa dada ndiye mtu wa ukoo wangu, na mtoto wangu wa kumzaa ni wa ukoo wa mama yake, na mimi nimeishi na mila hiyo kama nilivyoishi na Injili miaka yote niliyozunguka makanisani, na sijaona popote, katika mila wala katika Injili, panapowaamuru watu wawili wanaokunywa maji ya mtungi mmoja wasisalimiane.

Mikorosho ya Chiungutwa ni ya ukoo, Vitalis, simamia wewe na wadogo zako, na mipaka Mzee Mahmudu anaijua. Nyumba hii ni ya Helena, mke wangu, asije mtu hapa na kamba ya kupimia. Hayo hayana mjadala. Kilichonifanya niwaite ni hiki chuma hapa.

Juzi nimeletewa habari kwamba mmekubaliana. Nikafurahi, nikasema Mungu ni mwema, nikauliza wamekubaliana nini. Nikaambiwa: Vitalis atachukua fremu na shokapu, Veridiana atachukua magurudumu na breki, ili msigombane mzee akishaondoka. Jambo la kwanza mliloafikiana tangu Pasaka, na ndilo la kipumbavu kuliko yote. Na hata hilo hamkusemeshana, mlimtuma Mzee Mahmudu avuke barabara kwenda na kurudi kama mbuzi aliyepotelewa na mwenyewe. Usibishe, Mahmudu, ndivyo ulivyokuwa.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema ni upumbavu. Mjomba wangu Arthur alikuwa na baiskeli pale Nanganga, ile nyeusi ndefu ya zamani, na barabara nzima walimjua kwa kengele yake. Alipofariki tukakaa kikao sisi wapwa zake, na kila mmoja akawa na haki, na wazee wakasema haki isipotee. Gurudumu la mbele likaenda kwa mmoja, la nyuma kwa mwingine, fremu kwa mkubwa wetu, cheni sijui nani aliichukua. Mimi nilikuwa mdogo wa wote, nikapewa kengele. Nikarudi nyumbani kwa miguu, njia yote ile, nimeshika kengele ya baiskeli mkononi, nikiona watu mbele yangu naipiga, wanapisha, wanageuka, wanaona mtoto anatembea. Walicheka mpaka Chiungutwa. Fremu ile iliishia kuwa mlango wa banda la kuku. Gurudumu moja lilianikiwa muhogo. Kila mtu alipata haki yake, na hakuna aliyepanda baiskeli tena.

Kengele ile ndiyo hii iliyofungwa hapa. Vitalis, usiiguse sasa, ngoja.

Baiskeli hii niliikuta Masasi, kwa wauza mitumba, imelala chini ya nyingine, ina gia lakini hazihami, shokapu la mbele limezama halipandi. Watu walisema baiskeli ya milimani ni ya vijana wa kuchezea. Nikasema sisi tunakaa wapi kama si mlimani? Maji yako bondeni, watu wako juu, na mama yenu alikuwa anapanda ule mteremko na ndoo kichwani tangu nilipomwoa. Nikaileta Newala, nikaitengenezea hapa hapa uani, kidogo kidogo, korosho zikikubali. Msimu mmoja nilibadilisha spoku za nyuma nikaweka nene, maana madumu yalikuwa yanapinda rimu. Msimu mwingine nikatoa meno makubwa ya mbele nikaweka madogo, ili mguu wa mtu mzima uweze kupanda na mzigo bila kushuka. Nikafungua beringi nikaosha gololi moja moja kwenye kibakuli cha chai, Helena akanifukuza na kibakuli chake. Kisha nikaweka breki za kisahani, zile zinazobana kile kisahani cha chuma katikati ya gurudumu, kwa sababu kupanda kunachosha lakini kushuka ndiko kunakoua. Veridiana alikuwa ananishikia taa, halafu akawa ananishikia spana, halafu siku moja nikajikuta mimi ndiye ninayemshikia taa yeye.

Helena, maji. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Sasa tuje kwenye Pasaka. Nitalisema mimi, kwa sababu ninyi mkilisema mnalitia moto. Vitalis alitaka kunifurahisha. Aliikuta baiskeli ina vumbi letu jekundu, akaiosha, akaifuta, na ilipokauka akachukua mafuta ya kula jikoni kwa Helena akaipaka yote ing'ae, fremu, rimu, na kisahani cha breki pia. Aliipaka kama mnavyompaka mtoto anayekwenda kubatizwa. Niliiona ikimetameta nikashukuru, sikujua mkono ulifika wapi. Asubuhi Veridiana akashuka nayo bondeni na madumu matupu, akabana breki pale penye kona, breki ikateleza kama kambare, akaingia kichakani. Kovu la goti lile hapo. Akarudi anachechemea, akasema, "Umechoka kungoja mjomba wako afe, umeona uanze na mimi?" Na wewe Vitalis, badala ya kusema pole, ukasema, "Baiskeli ya ukoo wetu, wewe wa ukoo mwingine inakuhusu nini?" Mimi nilikuwa nimekaa pale barazani. Nilisikia yote mawili, na sijui lipi liliniuma zaidi.

Veridiana, mwanangu, mtu anayetaka kukuua hakai mchana kutwa anasugua rimu kwa kitambaa. Alikosea mkono, hakukosea moyo. Vitalis, mpwa wangu, ukoo wako haukuchota maji hata dumu moja katika nyumba hii, huyu ndiye aliyechota, na ulikunywa. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi wengine wameshaanza kuchukua majembe, wanaulizia mikorosho yangu kama nimeshazikwa. Mkitengana ninyi, hiyo mikorosho nayo itakuwa mlango wa banda la kuku.

Mafuta yakiingia kwenye kisahani, unakiosha kwa sabuni, kinapona. Yakiingia kwenye vile vipande vinavyobana, hayatoki, hata ukisugua. Tulivitupa, tukaagiza vingine Masasi. Na maneno yenu yale msijaribu kuyaosha. Yatupeni.

Haya, sasa kazi. Breki ya nyuma imelegea, ivuteni mwone. Inafika mpaka usukani, si ndiyo? Jana nilimwomba Mzee Mahmudu auachie waya. Mnaona anavyocheka. Mtu mzima, anafungua mali ya watu kwa siri. Veridiana, kisanduku cha spana kiko chini ya kitanda, kitoe. Vitalis, piga magoti huku upande wa pili. Wewe bana kile kijimkono cha breki, hicho kilicho pale penye kisahani, kwa vidole, kibane kabisa, ushikilie, na mwenzako auvute waya kwa koleo na kukaza nati. Mtu mmoja haiwezi vizuri, nimejaribu, ni kazi ya mikono mitatu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Taratibu... usimharakishe.

Mwambie, Vitalis. Usiniangalie mimi, mimi sikazi nati. Mwambie yeye kama umebana.

"Nimebana, dada. Kaza."

Hapo. Mmesikia? Hilo neno limekaa tumboni tangu Pasaka. Wewe Veridiana mjibu.

"Legeza kidogo, kaka. Inagusa."

Sawa. Sawa kabisa.

Sikieni agizo langu nikiwa bado nina sauti. Baiskeli hii ni ya Vitalis, kama mila inavyotaka, asiseme mtu kwamba mimi Zabroni nilimnyima mpwa wangu. Kisanduku cha spana, grisi, koleo na kila kilichomo ni cha Veridiana. Baiskeli italala humu ndani. Asubuhi ishuke bondeni kwa ajili ya Helena, baada ya hapo ni ya Vitalis kwenda shuleni kufundisha. Vitalis, usishike spana bila Veridiana. Veridiana, usiipande bila kumwambia Vitalis. Baiskeli isiyo na spana haifiki mbali, na spana isiyo na baiskeli ni uzito tu. Mkinuniana, nyumba itakaa na kiu, na mtakuwa mmemnyima maji mama yenu, si mimi. Mzee Mahmudu, umesikia? Umesikia.

Cheni ifuteni kila Jumamosi, kwa kitambaa kikavu. Mafuta tone tone, kisha mfute tena, vumbi la hapa linapenda mafuta. Kitambaa cha cheni... kisikaribie kisahani. Veridiana unajua. Mfundishe.

Nimechoka kidogo.

Leteni mikono. Wote wawili, hivyo hivyo na grisi yake. Mungu wa baba zetu na wa mama zetu awape magoti ya kupanda na breki za kushuka. Awafanye... mwe maji mtu kwa mwenzake. Aliyewatenganisha asipate pa kukaa kati yenu. Mzee Mahmudu, itikia na wewe, kwa namna yako.

Sasa ipindueni isimame. Fungeni madumu. Nendeni bondeni wote wawili, mmoja apande, mwingine atembee kando, mbadilishane. Mtungi umekaribia kukauka, nimesikia Helena akikwangua.

Mkirudi, pale kwenye kona, kabla ya nyumba... pigeni kengele ya mjomba wangu. Mama yenu huwa anafungua mlango akiisikia. Nikisikia nitajua mmefika.

Nisipoitika, pigeni hivyo hivyo.