Chupa za Tarsis

Pale Makambako, barabara ya Njombe inapochepuka, kuna benchi mbele ya duka la vipuri. Miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye meza akawa na duka, benchi hilo lilikuwa halipoi. Dulla muuza kahawa alibandika birika lake mara tu baada ya swala ya alasiri, na wenyewe wakaja: Badru, dereva mstaafu wa malori, wanayemwita Gia Kubwa, Mansoor muuza mitumba, jina lake Redio, na Jofrey fundi saa, Mbena wa Njombe, wanayemwita Sekunde. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za maduka. Siku hiyo Badru alishika kikombe bila kunywa.

Wenzake walijua kisa. Nyumbani kwake Lyamkena alikuwa amempangisha chumba Tarsis, kijana anayesomea shahada ya pili ya bioteknolojia ya viwanda. Kijana alikuwa akikusanya ulanzi, pombe ya mianzi ya milimani, si ya kunywa, bali atafute ndani yake hamira inayofanya kazi kwenye baridi, ili siku moja kiwanda kisihitaji moto kuchachusha. Badru hakutaka pombe nyumbani kwake, lakini Tarsis alimweleza kwa adabu hadi akalainika. Siku kumi na tisa nyuma, kijana alipanda lori kwenda Makete, akamwachia mzee ufunguo, akasema atarudi kesho kutwa. Hakurudi.

Asubuhi hiyo Badru alikuwa amefungua chumba kwa mara ya kwanza. Aliwasimulia polepole. Buibui alikuwa ametanda kwenye fremu ya mlango. Vumbi sakafuni halikuwa na alama ya mguu. Na mezani chupa sita, kila moja na mrija uliozama kwenye kikombe cha maji, zilikuwa zikitoa povu.

— Zote kwa pamoja, alisema. Zinatulia, halafu zote tena. Kama watu sita wanaopumua kwa pua moja.

Kesho alikusudia kuzimwaga shimoni.

Mansoor alisema hakuna cha ajabu: wazungu wanataka kuutia ulanzi kwenye makopo watuuzie sisi wenyewe, na mashine yao imefichwa chini ya meza. Dulla alimuuliza mashine gani inakwenda bila umeme, maana umeme mtaa ule ulikatika tangu wiki iliyopita. Yeye alisikia hamira ile ilitoka kwenye kibuyu cha bibi mmoja wa Iwawa, hukohuko Makete, kisichooshwa tangu enzi za Mjerumani, na kitu cha umri huo kinajua kujitafutia.

Jofrey akasema alimwona Tarsis akianza kazi. Chupa ya kwanza aliichokonoa kwa kidole chake mwenyewe, kilichokuwa na jeraha.

— Usizimwage, Gia. Huyo mtoto yuko mle. Zikinyamaza, naye basi.

Badru aliupapasa ufunguo mfukoni.

Ndipo alipotokea msichana mwenye begi, akitokea kituo cha basi, akauliza nyumba ya mzee Badru. Jofrey alimwamkia kwa Kibena, kamwene, naye akaitikia vizuri. Aliitwa Fidelia, anasoma na Tarsis. Akawaambia kijana alishikwa na homa ya mapafu hukohuko Makete, akalazwa, akapoteza fahamu siku kumi na mbili.

— Leo alfajiri kafungua macho, alisema. Neno la kwanza, kanituma nimwombe radhi mzee kwa usumbufu, nioshe chupa. Zilishakufa. Zinakula sukari ya siku nne tu; zisipolishwa tena, basi.

Badru aliweka kikombe chini. Alimwomba amfuate, na wengine nao wakainuka, hata Dulla akaliacha birika.

Kufika Lyamkena mzee alifungua mlango, akabaki nje. Fidelia aliingia peke yake. Walimwona akiinama juu ya chupa, akitazama povu, akanusa mrija mmoja baada ya mwingine. Akainua mtungi wa maji ya sukari ya kuzilishia: umejaa, na nta iliyouziba mdomo haijapasuka. Kisha akafunua daftari la Tarsis, ambamo kila mlo wa chupa huandikwa tarehe, na pembeni jina la aliyelisha. Mistari ya mwisho ilikuwa mitupu.

Alitoka na daftari, kalamu mkononi. Uso ulikuwa umempauka, lakini aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama karani dirishani:

— Siku kumi na tano hizi, niandike kalisha nani?

Badru aliutazama ufunguo kiganjani mwake. Jofrey akavua kofia. Nyuma ya Fidelia chupa sita zilitulia, nao wote wanne, bila kupanga, wakazuia pumzi hadi povu lilipotoka tena.