Mama Mtaro, Aliyeikatalia Zabuni ya Bei Rahisi

Waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machimbo ya mawe, mtoto wa pili wa fundi mwashi na mshona nguo. Mama yake alisimulia kwamba siku hiyo maji ya mvua yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda, na mkunga akafanya kazi yake akiwa amesimama juu ya tofali. Huenda ndipo ugomvi wa marehemu na maji ulipoanzia.

Baba yao alikuwa mwashi wa aina ambayo haipo tena. Akimaliza kujenga ukuta au kalavati, aliuacha mwiko wake kwa mwenye kazi mpaka mvua za kwanza zipite. Kazi ikisimama, alikwenda kuuchukua. Ikipasuka, mwiko uko palepale, alirudi kuziba kwa jasho lake mwenyewe. Hakuna aliyemwandikia mkataba. Siku hizi fundi anapaka rangi asubuhi, jioni simu yake haipatikani.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1964. Karo ya watoto wawili ilipowashinda wazazi, kaka yake aliacha darasa la nne akaenda kupasua kokoto. Dada mtu alipompita darasa, jioni akawa anamrudishia masomo mezani, na alikuwa mkali kuliko mwalimu mkuu: "Kaka, usikisie. Soma kilichoandikwa." Kaka huyo ndiye aliyeandika wasifu huu, na makosa yaliyomo si ya mwalimu wake. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1975, na chuo cha ununuzi na ugavi mwaka 1979.

Mwaka 1980 aliajiriwa ukarani katika mamlaka ya usafiri ya jiji. Alikuwapo kazini wakati stendi kuu ya mabasi ilipojengwa kwa zabuni ya bei rahisi kuliko zote, watu wakapongezana. Masika ya pili lami ilibanduka kama ukoko, mabasi yakazama mpaka ekseli, na mkandarasi akawa ameshahama mji. Tangu hapo kila mzabuni aliyeingia ofisini kwake aliulizwa swali moja kabla hajakaa vizuri: mtaro uko wapi, na ukiziba nani atauzibua? Wakandarasi wakambandika jina la Mama Mtaro kwa kejeli. Yeye akalipokea kwa moyo mkunjufu, akawa analitumia hata kujitambulisha kwenye simu.

Mwezi wa Desemba 1984 aliolewa na seremala aliyekuja kutengeneza dirisha la ofisi. Alipomuuliza bawaba itadumu muda gani, kijana akajibu, "Mpaka utakapochoka kuniona nikija kuikagua." Akawa anakuja kuikagua kila wiki, mpaka wenzake ofisini wakamwambia marehemu, shoga, dirisha ni zima, anayeumwa ni fundi. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 2010, marehemu akiwa mwenyekiti wa kamati ya zabuni, jiji liliamua kujenga reli ya abiria kutoka viwandani hadi katikati ya mji, ikipita bondeni penye kinamasi. Kabla tangazo halijatoka, alihakikisha masharti yake yamo. Bei ipimwe pamoja na gharama ya kuitunza reli kwa miaka thelathini. Kinamasi kisifukiwe, maana ndicho kinachokunywa maji ya mji. Mawe ya daraja la zamani la hapo bondeni yatumike tena. Na mjenzi aache karakana na mafundi wake palepale, aitengeneze mwenyewe inapoharibika, kama baba yao alivyouacha mwiko. Wasomi wa leo wanaliita jambo hilo uendelevu, na wanalifanyia semina hotelini. Baba yao aliliita kuona haya.

Kampuni yenye bei ya chini kuliko zote ilipanga kukijaza kinamasi kifusi na kuondoka siku ya kukata utepe. Ya pili, ghali zaidi mwanzoni, ilipitisha reli juu ya nguzo na kuahidi kubaki. Kamati ikaichagua ya pili. Mkurugenzi wa mamlaka akamwita marehemu, mlango ukafungwa, lakini mhazili aliyekuwa nje alisikia yote.

"Dada, reli ikifika mwaka wa kumi mimi na wewe tutakuwa tumestaafu. Unajisumbulia nini?"

"Ndiyo maana nauliza sasa, mzee. Wakati huo ikiharibika, tukiita nani atatuitikia?"

Kampuni iliyoshindwa ikakata rufaa. Magazeti yakamwita mfujaji, na mamlaka ikamsimamisha kazi. Waliozoea kumpigia simu kila asubuhi wakapotea. Akaletewa ujumbe kwamba akikubali kamati ikae upya na kutazama bei peke yake, kiti chake kitamrudia. Akikataa, asitegemee kazi wala pensheni. Alimtazama mumewe. Seremala hakuwa mtu wa hotuba. Alimwambia tu, "Mama watoto, randa zipo mbili, moja utaishika wewe. Kataa."

Mbele ya bodi ya rufaa, wakili wa kampuni alimuuliza kama alijifunza chuoni kuwa bei ya chini ni mbaya. Alijibu kwa upole, "Sikusema ni mbaya. Nilisema si bei yote. Iliyobaki inakuja kulipwa na abiria." Bodi ikaamua kwamba masharti yalikuwa kwenye tangazo tangu siku ya kwanza, kila mzabuni aliyasoma akaingia, na hakuna ruhusa ya kulalamikia sheria za mchezo baada ya kufungwa. Marehemu alirudi kazini kwa mlango wa mbele, na wafagiaji wa ofisi walimpigia makofi ngazi nzima.

Reli ilifunguliwa mwaka 2014, naye akastaafu mwaka 2017 kwa heshima zote. Masika ya mwaka 2019 yalizamisha stendi, soko, na maegesho ya magari ya kampuni ile iliyokata rufaa. Treni haikukosa safari hata moja. Mwaka uliofuata masharti yake yakafanywa kanuni kwa kila zabuni ya usafiri wa umma.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alikuwa akienda hospitali kwa treni kusafishwa damu, akikaa dirishani, na muuguzi wake anasema hakupewa mkono wa kuchoma sindano kabla hajasimuliwa hali ya mitaro ya njiani. Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, kaka, mabinti wawili, mmoja wao mhandisi wa maji, mtoto wa kiume ambaye ni seremala kama baba yake, na wajukuu watano. Mkurugenzi wake wa zamani naye yupo, amekaa safu ya nyuma. Barabara imefungwa na maji tangu jana, kwa hiyo amekuja kwa treni. Karibu, mzee. Imekufikisha.

Pumzika kwa amani, Mama Mtaro. Umeshinda.