Panga la Muturi

Tuktuk ilipotutoa mahakamani Kitale, mama mwenye kovu kwenye paji la uso alianza kumsimulia mzee asiyemjua. Mimi nikajifanya nasoma simu.

"Niliapa ni Muturi, jirani yangu, alinikata na panga. Amekaa rumande miaka miwili. Leo mwizi aliyenivamia amekiri ni yeye alinikata. Kumbe Muturi alikuja kuniokoa, na nilipozinduka uso wake ndio niliona kwanza."

"Kwa hivyo ulidanganya korti."

"Sikudanganya, mzee. Nilimwona."

Mzee, aliyekuwa akibishana na dereva tangu tupande, alimgeukia. "Na sasa ukifunga macho, unaona nani?"

Mama akayafunga. "Muturi," akasema polepole. "Na bado ameshika panga."

Tuktuk ikasimama steji, na hakuna aliyeshuka.