Bwana Ngoja na Santuri ya Farasi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la kiwanda hicho na mama yake alikuwa mshonaji. Inasimuliwa nyumbani kwamba siku moja, akiwa mtoto mdogo, mgeni alimpa pipi. Aliigeuza, akainusa, akamtazama mgeni usoni, kisha akampa mdogo wake wa kike aionje kwanza. Mdogo wake huyo ndiye anayesoma wasifu huu leo. Pipi ilikuwa nzuri. Mdogo wake hakumrudishia.

Kabla hatujaendelea, familia inajua kwamba tangu asubuhi kuna minong'ono. Wengi wenu mlijua marehemu na rafiki yake kinyozi hawakuwa wakisalimiana, na sasa mnamwona kinyozi amekaa safu ya mbele, karibu na mjane. Wengine mmeshauliza kwa sauti ya chini amealikwa na nani. Amealikwa na marehemu. Tutafika huko.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, kisha akapelekwa sekondari ya bweni, alikomaliza mwaka 1981. Huko ndiko muziki ulikomkamata. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa na mashine ya santuri na boksi la albamu za bendi ndogo za nchi za mbali, vijana wanne wanne wenye magitaa, ambao redio haikuwapiga kabisa. Wanafunzi wenzake walitaka muziki wa kuchezeka. Yeye alibaki darasani baada ya kipindi, akasikiliza, akauliza, "Mwalimu, mbona huyu anaimba kama hataki tumsikie?"

Mwalimu akamjibu, "Kwa sababu hana anachokuuzia."

Jibu hilo lilimkaa kichwani maisha yake yote. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akilichunguza, maana alishuku kwamba huenda hata kuimba kwa kunong'ona ni namna ya kuuza.

Baada ya mafunzo ya vipimo aliajiriwa mwaka 1984 kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2022. Alizunguka madukani, sokoni na kwenye maghala akiwa na sanduku la mawe ya kupimia na muhuri wa chuma. Kila mizani aliipima mara tatu: mara ya kwanza kama ilivyokutwa, mara ya pili ikishapanguswa, na mara ya tatu mwenye duka akishasogea mbali na meza. Hakuna mizani aliyoigongea muhuri kwa vipimo viwili. Mwenye duka aliyeanza kusema, "Mzee, hii yangu haina tatizo," alijibiwa, "Ngoja kwanza." Ndivyo mji mzima ulivyopata kumwita Bwana Ngoja, na hata barua za ofisi ziliwahi kuandikwa hivyo.

Nyumbani albamu zake zilikaguliwa vilevile. Aliamini kwamba albamu ni meza ya sokoni, nyanya nzuri hupangwa juu. Kwa hiyo hakuanza na wimbo wa kwanza hata siku moja. Aliweka upande wa pili kwanza, mahali ambapo bendi imechoka na haikutazamii. Bendi ikileta fidla kwenye albamu ya tatu, alisema imeishiwa maneno na sasa imevaa suti. Albamu zilizorekodiwa jukwaani hakuzitaka. "Hayo makofi aliyahesabu nani?" Mkusanyiko wa nyimbo bora aliufananisha na mtu anayekuonyesha picha za harusi yake tu, asikuambie habari za mwaka wa pili. Dramu zikiwa safi kupita kiasi, aliinuka kwenda kuangalia nyuma ya spika. Alizozipenda ni zile ambazo unasikia mtu akikohoa, au gitaa limekosea kidogo na wenyewe wameliacha. "Hawa hawana la kuficha," alikuwa akisema. Kisha, baada ya muda, "Au wanajua kuficha vizuri."

Mke wake alimpata kazini. Mwaka 1988 alikagua duka la nafaka la mzee mmoja, ambako binti wa mzee ndiye aliyesimama kwenye mizani. Mizani ilikuwa mbovu, lakini ilimpunja mwenye duka: kila mteja aliondoka na zaidi ya alicholipia. Marehemu hakuwahi kuona jambo kama hilo, akalishuku. Alirudi wiki iliyofuata. Akarudi tena.

"Wewe bwana," binti alimwambia mara ya tatu, "mizani ilishatengenezwa. Unapima nini sasa?"

"Mtu anayejipunja mwenyewe lazima ana jambo."

"Jambo langu ni kwamba nina wateja na wewe umesimama njiani."

Walioana tarehe 9 Septemba 1989. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu. Mjane anasema kwamba katika ndoa yao hakuwahi kushuku mwanamke mwingine, alishuku santuri. Mumewe alipochelewa kurudi kutoka safari za kazi, yeye alijua amejikunja mahali kwenye duka la vitu vikuukuu, magoti chini, anapekua maboksi.

Kinyozi aliingia katika maisha yake mwaka 1993, alipofungua saluni mkabala na lango la ofisi ya vipimo. Marehemu alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeinama, aliposikia kwenye spika gitaa analolijua. "Hii umeipata wapi?" aliuliza. "Tulia, nitakukata sikio," kinyozi akamjibu, "halafu hutaisikia tena." Tangu siku hiyo hawakuachana. Kinyozi alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alipenda upesi, alianza na wimbo wa kwanza, hata alilia kwenye fidla. Binti alimwita baba mdogo. Na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuazima santuri.

Ugomvi ulitokana na albamu mbili, ambazo nyumbani tuliziita kwa picha za majalada yake. Ile ya kiti ilikuwa na picha ya kiti kitupu kando ya dirisha, na marehemu aliipenda kuliko zote. Upande wa pili, kabla ya wimbo kuanza, unasikia kiti kinalia, mtu amejiegemeza. Hapo kila mara aliinua kidole, na sote tulinyamaza. Ile ya farasi ilikuwa na farasi mweupe na maandishi ya dhahabu, na ilisifiwa na kila gazeti lililoandika habari za muziki. Kwa sababu hiyo hiyo marehemu hakuiamini. Aliisikiliza mara mbili, akasema haifai hata kufunikia sufuria, akaisukuma mwisho wa rafu.

"Hukuisikiliza," kinyozi alimwambia. "Uliipeleleza."

Mwaka 2013 kinyozi aliazima ile ya kiti, akairudisha jioni moja, wakanywa chai, akaenda zake. Usiku huo marehemu alifungua jalada la kiti akalikuta tupu. Asubuhi alivuka barabara akaingia saluni, ambamo mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa.

"Sahani yangu iko wapi?"

"Ipi tena? Si nilikurudishia jana?"

"Ulinirudishia karatasi. Mwizi mkubwa wewe!"

"Jamani," mteja akasema, "nimalizieni kichwa kwanza, ndipo mpigane."

Kinyozi aliweka mashine mezani. "Umeniita nani, mbele ya watu?"

"Umesikia."

"Basi nenda nyumbani ukasikilize Farasi. Ukishaisikiliza, njoo tuzungumze."

Marehemu aliliona hilo kuwa dharau juu ya wizi: rafiki yake ameshikilia santuri ili amlazimishe kubadili maoni. "Sinunuliwi," alisema, na tangu hapo alivuka barabara mbali na saluni. Mkewe alijaribu. Alimfuata kinyozi akamwomba, "Shemeji, kama unayo, mpe tu, nyumba imenuna." Kinyozi akajibu, "Shemeji, mwambie asikilize Farasi." Ujumbe uliporudi nyumbani, marehemu akatikisa kichwa. "Unaona? Bado anadai fidia."

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Alianza kunyolewa mtaa wa pili, na huko nako akamshuku fundi, kwa sababu fundi huyo hakupiga muziki wowote. Binti alipoolewa, kinyozi alisimama nje ya ukumbi, akatuma zawadi kwa mkono wa mtu, akaondoka. Marehemu aliifungua zawadi hiyo yeye mwenyewe kabla ya bibi harusi. Ilikuwa seti ya vikombe. Alivihesabu.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kupanuka. Kliniki alikataa kupanda kwenye mizani mpaka aambiwe iligongwa muhuri lini, na nesi, Mungu ambariki, alienda kumletea jibu. Wiki moja baadaye alibeba jiwe lake la kilo tano mfukoni mwa koti, akaipima mizani nesi akiwa amegeuka. Ilikuwa sawa. Aliyepungua ni yeye. Mkewe anasema ni siku hiyo alipoacha kubishana na madaktari.

Mwezi wa tano mwaka huu, akiwa haondoki tena kitandani, alimwita binti yake. "Niletee ile ya farasi."

"Baba, ile ya kufunikia sufuria?"

"Hiyo hiyo. Niliipima mara mbili tu. Siwezi kuondoka na hukumu nusu."

Binti aliitoa sahani kwenye jalada bila kuitazama, akaweka upande wa pili, kama alivyolelewa. Sindano ikakwaruza, na chumbani kikasikika kiti kinalia.

Kidole cha marehemu kiliinuka chenyewe. Kisha akakishusha. "Umebadilisha," alimwambia binti.

"Sijabadilisha chochote."

"Umeinunua mahali ili unifurahishe kwa kuwa naumwa. Simamisha. Soma karatasi ya katikati." Binti akasoma. Ilikuwa ile ya kiti, na ukingoni ulikuwapo mkwaruzo mfupi ambao binti mwenyewe aliuweka akiwa mtoto, akachapwa kwa ajili yake. Tangu jioni ile ya chai, sahani haikuwa imetoka nje ya nyumba hii.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Kwa hiyo shemeji alikuwa anakwambia."

"Ngoja kwanza, mke wangu."

"Ningoje nini tena?"

Alilala akitazama dari mpaka upande wote ulipokwisha, kisha akasema, "Kila siku alikuwa ananiambia iko wapi."

Kinyozi ameturuhusu kueleza upande wake. Jioni ile ya chai, marehemu alipokwenda jikoni kuongeza sukari, yeye aliipenyeza sahani ya kiti ndani ya jalada la farasi, na ile ya farasi akaondoka nayo chini ya koti. Kesho yake angekuja kumwomba aipe Farasi nafasi moja tu, uso wa marehemu ungebadilika kiti kitakapolia, nao wangecheka mpaka wachoke. Lakini mtu akishaitwa mwizi mbele ya wateja, utani hupoteza mlango wa kutokea. Aliapa kwamba hatajitetea. Sahani itamtetea siku itakapowekwa. Hakujua Bwana Ngoja angeweza kungoja kiasi hicho.

Tulimpigia simu. Naye akashuku. "Ni yeye anayeniita, au ni nyinyi mnamhurumia?"

Marehemu aliomba simu. "Nimesikiliza Farasi."

Kinyozi akauliza, "Umeanza upande gani?"

"Wa pili."

"Nakuja."

Alikuja na begi lake la kazi, na ile sahani ya farasi imefungwa kwa taulo la saluni. Hakuna aliyeomba radhi mlangoni. Alimtazama marehemu, akasema, "Nani amekunyoa hivi, adui?" akaanza kuchanganya sabuni.

"Huo wembe mpya?"

"Mpya."

"Nionyeshe karatasi yake."

Kinyozi akamwonyesha karatasi, akamnyoa taratibu, huku Farasi ikipigwa. Alisema amekuwa akiisikiliza saluni miaka yote hiyo baada ya kufunga, na kwamba haikumpendeza kama zamani, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia amekosea. Wimbo wa tatu ulipoanza marehemu alikunja uso. "Fidla hizi za nini?"

"Sikiliza tu, ndugu yangu."

Walisikiliza mpaka sindano ilipofika mwisho na kuanza kugonga gonga. "Haya," kinyozi akasema, "toa hukumu."

Marehemu alifumba macho. "Farasi bado siiamini," alisema. "Upande wa kwanza tutauweka Jumatatu. Lakini wewe nilikupima mara moja tu. Hilo ni kosa la kazi." Akauchukua mkono wa kinyozi, akaugeuza, akabonyeza kidole gumba katikati ya kiganja kwa nguvu yote aliyobaki nayo, kama alivyogonga muhuri kwenye mizani ya watu. "Umepita."

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumatatu haikufika, na upande wa kwanza wa Farasi hakuusikia kwa mara ya tatu. Aliagiza kwamba santuri hizo mbili zisirudishwe kwenye majalada yake: ya kiti ikae ndani ya farasi, maana hakuna mwizi atakayeigusa hapo. Aliagiza pia kwamba kinyozi awe mmoja wa watakaobeba jeneza, na asimame upande wa kulia, upande wa moyo akiwa amelala chali na miguu mbele. Tumepima. Alikosea; moyo uko kushoto. Kinyozi atasimama kushoto.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe, mjukuu wa kike ambaye hali kitu kabla hajakinusa, kaka wawili, dada mmoja mkubwa, mdogo wake wa kike, na rafiki mmoja.

Kaka, pumzika. Hatutakuambia kwamba huko uendako ni pazuri. Utajionea mwenyewe, ukianzia upande wa pili. Amani iwe nawe.